Mji wa pwani uone uso: mwongozo kamili wa kuzuru miji ya kale kwa mashua, kwa wasafiri wa Dodoma

Ukiingia Bagamoyo kwa gari unaingia kwa kisogo. Unashushwa stendi, unapita maduka ya simu na vibanda vya chipsi, na ukifika ufukweni umeshachoka. Mji ule ulijengwa ukiitazama bahari. Jengo la forodha, msalaba wa Misheni, milango ya nakshi ya mitaa ya chini: vyote vilimngoja mtu anayetokea majini. Pangani ni hivyo hivyo, na Kilwa Kisiwani huwezi hata kufika kwa njia nyingine.

Sisi wa Dodoma tuna sababu ya ziada ya kwenda. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikatiza Kilimatinde na Mpwapwa ikielekea huko huko Bagamoyo, na watemi wa Ugogo waliitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa maji na kwa ruhusa ya kupita. Tangu 2006 Mpwapwa na Kilimatinde zimo pamoja na Bagamoyo kwenye orodha ya awali ambayo Tanzania iliipeleka UNESCO. Kipande cha katikati cha njia ile tunaishi nacho. Mwongozo huu ni wa kuiona ncha yake ya baharini, kwa mashua mliyokodi kundi lenu wenyewe, watu wanne hadi wanane, kwa muda wa wiki moja.

Hatua ya kwanza: panga kwa mwezi, si kwa likizo

Hapa ndipo watu wa bara tunapokosea, nami nilikosea kuliko wote. Safari yangu ya kwanza tuliipanga kwa tarehe za likizo ya kazini. Tulirudi Bagamoyo kutoka matembezi ya majini mchana, tukakuta bahari imeondoka. Nahodha alitia nanga mbali, akasema, "Teremkeni, mji ule pale." Tulitembea kwenye tope hadi magotini, mabegi kichwani, na mama mmoja wa kundi letu akapoteza kiatu ambacho hadi leo anakidai kwangu.

Kanuni ni hizi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake pwani yetu hufikia takriban mita 4. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kuanzia Dar hadi Tanga, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa karibu saa nne na hupwa karibu saa kumi. Kwa msafiri wa mashua bamvua ndiyo rafiki, maana unaondoka gizagiza maji yakiwa yamejaa na unaingia mji wa pili jioni maji yakiwa yamerudi. Hapo katikati bahari inakuonyesha mafungu ya mchanga ambayo siku nyingine huyaoni.

Huna haja ya programu yoyote kwenye simu. Chukua kalenda ya Kiislamu, ile inayobandikwa dukani. Tarehe 14 au 15 ya mwezi wowote ni mwezi mpevu. Hiyo iwe siku yako ya kwanza majini. Baada ya hapo ndipo uende kwa bosi kuomba ruhusa.

Hatua ya pili: panga kwa upepo

Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, na Juni hadi Agosti huwa na hasira. Kaskazi huja Desemba hadi Machi. Kati ya pepo hizo kuna maleleji, upepo usiojua unakotaka kwenda. Masika ya Machi hadi Mei achana nayo kabisa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya kusini na barabara ya kwenda Lindi ikakatika. Wakati kama huo hata wa gari anabaki njiani, sembuse wa tanga.

Kwa hiyo ukienda Septemba au mwanzo wa Oktoba, kusi likiwa limepoa, anzia Bagamoyo upande kaskazini hadi Tanga, upepo uko mgongoni. Ukienda Januari au Februari, geuza: anzia Tanga ushuke. Safari iwe ya upande mmoja. Kung'ang'ania kwenda na kurudi kwa tanga ni kulipa siku mbili za kupigwa mawimbi usoni ili urudi mahali ulipokwisha kupaona.

Hatua ya tatu: chombo na mwenye chombo

Ngalawa ni nzuri kwa saa mbili karibu na ufukwe. Usiipange kwa safari ya siku. Boti ya faiba yenye injini ni ya haraka, lakini inaruka juu ya mawimbi, inapiga kelele, na injini kuukuu ya nguvu 40 ikikamuliwa hunywa lita 15 hadi 20 za petroli kwa saa. Jahazi kubwa ni la shehena. Mimi nachagua mashua ya tanga iliyowekewa injini ndogo ya akiba. Upepo ukiwapo mnakwenda kilomita nane hadi kumi kwa saa bila kelele. Ukikatika, injini inawatoa.

Usikodi kwa simu ukiwa Dodoma. Fika siku moja kabla, nenda bandarini au mwaloni asubuhi wavuvi wanaporudi, uulize watu wawili watatu, "Nani hapa anaijua Pangani?" Jina likirudiwa, mtafute mwenyewe. Salimia kwanza, biashara baadaye. Nahodha mmoja wa Bagamoyo, mzee wa makamo ya baba yangu, nilimwambia shikamoo akaitika marahaba, kisha akauliza tunatoka wapi. Niliposema Dodoma alicheka: "Ninyi mvua mnaiomba, sisi tunaomba isubiri mpaka tufunge chombo."

Nina maswali mawili ya kumpima nahodha. La kwanza: kesho kutwa maji yatajaa saa ngapi kwenye mlango wa mto Pangani? Akijibu bila kutazama simu, endelea naye. La pili: mara ya mwisho kukataa kutoka kwa sababu ya hali ya bahari ilikuwa lini? Nahodha ambaye hajawahi kukataa, mpe mkono umwage.

Kisha kagua. Leseni ya chombo na cheti cha ukaguzi viwepo. Usimamizi wa vyombo vidogo uko chini ya TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, na idadi ya abiria inayoruhusiwa imeandikwa. Jaketi okozi iwe moja kwa kila kichwa, na kila mmoja aivae palepale nchi kavu aone kama inafungika. Wengi wetu tumekulia nchi ya korongo kavu, hatujui kuogelea, na Mtera si mahali pa kujifunzia, kuna mamba na viboko. Tazama pia ndoo ya kukumbia maji, nanga yenye kamba ndefu, kasia, tochi na mafuta ya akiba. Inua ubao wa sakafu: maji kidogo ni kawaida ya chombo cha mbao, maji ya kufunika kifundo cha mguu si kawaida.

Hatua ya nne: mapatano

Patana kwa siku, si kwa safari, na kila kitu kitajwe kabla ya kuondoka: mafuta ni ya nani, chakula cha nahodha na baharia wake ni cha nani, siku ya kusubiri bahari itulie inalipwaje, na chombo kitarudije nyumbani. Hili la mwisho watu husahau. Mkiishia Tanga, nahodha ana siku kadhaa za kurudi, tena dhidi ya upepo. Mlipe. Toa nusu mwanzoni, nusu mwisho, andikeni kwenye karatasi mbele ya mtu wa ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) au mwenyekiti wa mtaa, na mwachie huyo huyo majina ya abiria wote na mnakoelekea.

Usiweke siku ya kuondoka Ijumaa mchana. Manahodha wengi watakuwa msikitini, na ni haki yao.

Hatua ya tano: mzigo

Begi zuri la magurudumu liache Dodoma. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, hivyo kinga bora ya simu, nguo na fedha ni ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Isugue vizuri, funga mfuniko, keti juu yake: begi, kiti na boya, vyote kwa mkupuo.

Maji ya kunywa, lita nne kwa mtu kwa siku. Kofia ya kufungwa kidevuni. Shati la mikono mirefu, maana jua la baharini linapiga mara mbili, juu na chini. Khanga au vitenge viwili vya akiba. Kwenye mashua hakuna choo, na wanawake watahitaji pazia huko tezini, nyuma ya chombo, bila maswali wala mizaha. Hili lizungumzwe mapema, lisisubiri mtu ajibane saa tano. Anayechafukwa na bahari ameze kidonge chake saa moja kabla, atafune tangawizi, akae katikati ya chombo na macho ayaelekeze mbali. Beba zabibu za Dodoma, za kula na za kugawa. Pwani zinafungua milango kuliko barua ya utambulisho.

Usafiri wa kufika ndio rahisi kuliko yote siku hizi. Tangu 2024 treni ya SGR inakushusha Dar kwa takriban saa nne, na jioni hiyo hiyo unalala Bagamoyo.

Hatua ya sita: njia yenyewe

*Bagamoyo.* Upe mji huu siku nzima kabla ya kupanda chombo. Asubuhi nenda Kaole, kilomita tano hivi kusini: magofu ya misikiti miwili na makaburi ya minara, mji ulioanza karne ya 13. Utashangaa bahari iko wapi. Mikoko na tope viliziba bandari, watu wakahamia Bagamoyo, na Kaole ikabaki mji wa pwani usio na pwani. Kumbuka picha hiyo, maana mambo yale yale yaliigusa Bagamoyo: maji yake mafupi yaliyafaa majahazi lakini hayakuzifaa meli kubwa za Wajerumani, nao mwaka 1891 wakahamishia makao makuu Dar es Salaam.

Mchana ingia Misheni, iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Kwenye mnara wa kanisa la zamani mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja wa Februari 1874, baada ya watumishi wake kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Jioni tembea ufukweni hadi jengo la forodha. Kesho alfajiri mkishaondoka, mwambie nahodha apunguze mwendo mita mia chache kutoka pwani, mgeuke. Hapo ndipo utakapouona mji kama alivyouona mfanyabiashara wa 1870.

*Saadani*, takriban kilomita 45. Mtafika karibu saa nne au saa tano, maji yamepwa. Msilazimishe. Tieni nanga nje, pikeni chai, vueni samaki, ngojeni hadi saa nane hivi maji yarudi. Wanaozoea mabasi huona kungoja huku ni hasara; mimi naona ndiyo sehemu tamu ya safari. Kijiji hiki kilikuwa ngome ya Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani wakati ule ule wa Abushiri, ambaye tutamkuta Pangani. Leo kimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hifadhi tangu 2005, ambako nyika inafika hadi mchangani. Ukishuka ndani ya hifadhi utalipa kiingilio kwa namba ya udhibiti, kwa hiyo ulizia TANAPA kabla, mtandao wa simu huko si wa kuutegemea. Na usitembee ufukweni usiku. Tembo hawajui kuwa wewe ni mgeni.

*Pangani*, kilomita 70 hivi; hii ndiyo siku ndefu. Ng'oeni nanga saa kumi na moja alfajiri. Mlango wa mto una fungu la mchanga, na mawimbi huvunjikia hapo maji yakiwa machache, hivyo usikubali kuingia kabla maji hayajapanda vya kutosha, hata kama taa za mji zinakuita. Mkiingia jioni ya bamvua mtapita vizuri, na mji utajitokeza upande wa kulia: minazi, boma, maghala ya zamani, na ng'ambo ya kushoto kijiji cha Bweni kwenye kilima.

Pangani nawashauri mlale siku mbili. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongewa hapa Desemba 1889. Tafuteni mwongozaji wa mjini awatembeze Mtaa wa Wahindi na kwenye majengo yaliyotumika kuweka watumwa; nyumba nyingi zinabomoka, na bila mtu wa kusimulia utaona matofali tu.

Siku ya pili nendeni kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti. Sasa ni fungu la mchanga linalotokeza maji yanapopwa na kuzama yanapojaa. Hapa hesabu ya mwezi inawalipa: siku ya nne baada ya mwezi mpevu maji hupwa karibu saa sita au saa saba mchana, mko kisiwani, yanapopanda jioni mnapita mlango wa mto bila shida. Mtu aliyekuja siku za maji mafu atapata kimojawapo, hatapata vyote viwili.

*Tongoni* iko njiani kuelekea Tanga. Chombo kikae nje, mwingie kwa mtumbwi au kwa miguu kupitia mikoko, kwa hiyo viatu vya kuloa vivaliwe. Kuna makaburi zaidi ya arobaini na msikiti wa magofu. Vasco da Gama alipita karibu na hapa 1498, chombo chake kimoja kikakwama kwenye fungu. Aliporudi mwaka uliofuata kutoka India, mabaharia wake wamepukutika kwa maradhi, akakichoma moto maana hakuwa na watu wa kukiendesha. Nahodha wetu alipoisikia hadithi hiyo alisema tu kwamba angeuliza wavuvi wa hapa.

*Tanga* ni bandari yenye kina, meli kubwa zinaingia, na mashua ndogo inapaswa kukaa mbali na njia yake. Piteni polepole kando ya kisiwa cha Toten ndani ya ghuba. Novemba 1914 jeshi la Waingereza la watu takriban 8,000, wengi wao askari kutoka India, liliteremka hapa likashindwa na kikosi kidogo zaidi cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nyuki walioghadhibika wakashambulia watu katikati ya mapigano. Mjini tembeleeni boma la zamani lenye makumbusho ya Urithi. Bandarini na kwenye vivuko msipige picha ovyo.

Kilwa ni safari yake yenyewe

Usijaribu kuiunganisha na njia ya juu. Panda basi kutoka Mbagala hadi Kilwa Masoko, takriban kilomita 300, ulale. Asubuhi nenda kwanza kwenye ofisi inayosimamia magofu ulipie kibali na uchukue mwongozaji. Hakuna kuvuka bila hivyo. Kisiwani ni mwendo mfupi, kilomita mbili hivi, na kwa tanga ni raha tupu. Gereza, yaani ngome ya zamani, linakukabili kutoka mbali. Nyuma yake kuna Msikiti Mkuu ulioanza karne ya 11, na ukitembea ufukweni upande wa mashariki unafika Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ya karne ya 14, yenye birika la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Ibn Battuta alifika mji huu 1331. Sarafu za Kilwa zilisafiri mbali kuliko sisi: 1944 chache ziliokotwa kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia.

Siku ya pili iwe ya Songo Mnara, kusini zaidi. Ondoka mapema, uwe tayari kutembea majini na kupita kwenye mikoko. Nyumba za mawe zimesimama katikati ya miti, na mara nyingi mtakuwa peke yenu. Magofu ya visiwa hivi viwili ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Yaliwekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakaondolewa 2014 baada ya ukarabati. Usipande kuta, hata kama mwongozaji ananyamaza. Kilwa Kivinje, yenye mnara wa kumbukumbu ya Maji Maji, iendee kwa gari. Kwa chombo maji yake yanapwa mbali mno na mtanilaani.

Adabu na kurudi nyumbani

Makaburi mengi mtakayoyaona bado yana wenyewe. Watu wanakuja kuomba dua, wanaacha ubani na vitambaa. Vua viatu unapoelekezwa, usikae juu ya kaburi, usiokote kigae hata kimoja. Nguo za kuogea zibaki chomboni. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana.

Mkifika mwisho, mmalizieni nahodha fedha yake kabla hamjatafuta hoteli, na mpigieni simu baada ya siku tatu kujua kama amefika kwake. Basi la Tanga kwenda Dodoma linapita Segera na Chalinze, kata tiketi usiku kabla. Wengine hushukia Morogoro wakamalizia kwa treni. Ndoo ile ya rangi ioshe kwa maji baridi kabla ya kuijaza samaki wakavu, na ikifika ndani ya basi ibane mfuniko sawasawa, maana kutoka Segera hadi Dodoma ni mbali na abiria wana pua.